Jibu tupu si "hakuna": dhana potofu kuhusu maelezo ya zana tunazompa wakala wa AI

Wakala wa akili mnemba, yaani programu ya AI inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia zana, anapoingia kwenye msimbo wako, haoni kihariri. Haoni rangi za maneno wala orodha ya mafolda pembeni, na hakumbuki kwamba jana alipita humohumo. Alicho nacho ni zana ulizompa na sentensi chache zinazozieleza. Akitaka kujua fanksheni fulani imeandikwa wapi, au ni nani anayeiita, ataamini zilivyomwambia. Ndiyo maana nayajali sana maelezo hayo, na ndiyo maana yananisumbua mambo manne ninayoyasikia mara kwa mara kwa watengenezaji programu wenzangu.

"Grep anaijua tayari, maelezo ya nini?"

Nusu yake ni kweli. Grep, zana ya kutafuta maneno ndani ya faili, ilitoka mikononi mwa Ken Thompson pale Bell Labs mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 50 watu wameielezea kila mahali. Modeli imeyasoma hayo yote. Usipoteze maneno kuifundisha `-n` (kuonyesha namba za mistari) ni nini.

Asichokijua wakala ni cha nyumbani kwako: kwamba zana uliyoiita `tafuta` kwa ndani inaendesha ripgrep (zana nyingine ya kutafuta, inayofanana na grep), kwamba inaanzia folda ya `src` tu, kwamba matokeo yakizidi 200 inayakata kimyakimya. Hayo hayapo popote duniani ila kichwani mwako. Ndiyo ya kuandika.

"Zana isiporudisha kitu, basi kitu hakipo"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii iliniumiza.

Nilikuwa nashughulikia mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Nikamwomba wakala arekebishe hesabu ya riba. Akatafuta `kokotoaRiba`, zana ikarudisha ukurasa mweupe. Akahitimisha kwamba fanksheni haipo, akaandika mpya. Msimbo wake ulikuwa safi, na majaribio yakapita. Fanksheni ya zamani ilikuwepo muda wote, ndani ya folda ya msimbo unaozalishwa na programu nyingine, folda iliyotajwa kwenye `.gitignore`, faili linaloorodhesha vitu ambavyo Git haivifuatilii. Ripgrep huruka faili za namna hiyo bila kuulizwa, pamoja na faili zilizofichwa na zisizo za maandishi. Tukabaki na riba mbili zinazokaribiana bila kulingana, na mkopo wa mtu si mahali pa kukaribiana.

Wakala hakukosea kufikiri. Mimi ndiye niliyeandika "hutafuta neno katika msimbo wote", na ule haukuwa msimbo wote.

Kuna mtego wa pili uliojificha humohumo. Grep na ripgrep zikimaliza kazi huacha namba: 0 kimepatikana, 1 hakuna kilichopatikana, 2 kuna hitilafu. Zana nyingi tunazozitengeneza juu yake huitupa namba hiyo na kurudisha maandishi tu. Sasa wakala akitafuta `kokotoaRiba(` na mabano yake yaliyo wazi, ripgrep inakataa kwa sababu hiyo si ruwaza (kanuni ya utafutaji) halali. Kwa wakala, kukataa huko kunafanana kabisa na kutokuwepo.

Siku hizi nayachukulia majibu ya zana kuwa sehemu ya maelezo yake, tena sehemu inayosomwa kwa makini zaidi, kwa kuwa inafika wakati wakala anaihitaji. Badala ya ukurasa mweupe, zana yangu inasema: "Hakuna kilichopatikana ndani ya `src`. Faili zilizo kwenye `.gitignore` hazikutafutwa; tumia `zote=true` kuzijumuisha." Maneno hayo machache yangeniokolea wiki nzima.

"Matokeo yakiwa mengi, wakala atachagua mwenyewe"

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliotengeneza SWE-agent, wakala wa kurekebisha programu, walilipima hili kwa majukumu 300 ya kurekebisha programu halisi. Wakala mwenye zana inayotoa muhtasari wa matokeo, na kumwambia abane swali lake yakizidi 50, alitatua asilimia 18. Aliyepewa zana ya kupitia tokeo moja baada ya jingine alitatua asilimia 12. Na yule ambaye hakupewa zana maalumu ya kutafuta? Asilimia 15.7.

Yasome tena hayo. Zana iliyoundwa vibaya ilimdhuru kuliko kukosa zana. Wakala alikuwa akifungua kila tokeo hadi la mwisho, huku nafasi ya kazi yake, yaani maandishi anayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, ikijaa vitu visivyomhusu.

Basi andika kikomo, na andika pia la kufanya kikomo kikifikiwa. Kwa sababu hiyohiyo, usiyajaze maelezo ya zana kama kitabu: katika itifaki ya MCP, njia ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, kila zana hujieleza kwa jina, maelezo na muundo wa vigezo vyake, na kwa kawaida hayo yote huingia kwenye nafasi ileile ya kazi hata kama zana haitatumika.

"Mstari wa 42 ni mstari wa 42"

Grep huhesabu mistari kuanzia 1. Itifaki ya LSP, ambayo Microsoft ilitangaza mwaka 2016 na ambayo huwezesha "nenda kwenye ufafanuzi" katika vihariri vingi, huhesabu kuanzia 0. Wakala akichukua 42 ya grep na kuipeleka LSP kama ilivyo, ataangukia mstari unaofuata, na huenda akaambiwa hapo hapana jina lolote.

Nafasi ndani ya mstari nayo LSP huihesabu kwa vizio vya UTF-16 (mojawapo ya njia za kuhifadhi herufi kwenye kompyuta), isipokuwa kihariri na seva vikubaliane vingine. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina shida, lakini weka emoji moja mbele na mara nyingi hesabu inasogea kwa 2 badala ya 1. Yeyote anayehifadhi tenzi za hati ya Kiarabu ndani ya programu yake anajua: herufi moja ni baiti 2 katika UTF-8, ila katika UTF-16 ni kizio kimoja. Sema wazi zana yako inaanzia wapi kuhesabu, na inahesabu nini. Sentensi moja inatosha, na ikae kwenye kigezo chenyewe, wakala aione anapokijaza.