Miti ya Krismasi ya alumini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Taa za LED hazina hatari kwenye mti huu."
Hatari ipo maadamu waya umechomekwa ukutani. Kingo za vipande vya alumini vinavyofanya majani ni kali. Hukwangua plastiki ya waya, na shaba ikigusa tawi moja, umeme husambaa kwenye matawi yanayogusana. Ndiyo sababu mti huu uliangaziwa kwa gurudumu la rangi: taa moja yenye nguvu sakafuni na, mbele yake, sahani ya plastiki ya rangi nne inayozungushwa polepole na mota. Taa ndogo za betri hazitakupiga shoti, ila waya wake hunasa na kunyofoa majani.

"Gurudumu la zamani linahitaji transfoma tu."
Limetengenezwa Marekani kwa volti 120 na hezi 60 (mara ambazo umeme hurudia mzunguko wake kwa sekunde). Ukilichomeka moja kwa moja Nairobi au Dar es Salaam, balbu na mota vitaungua. Transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi. Kwa hezi 50 za Kenya na Tanzania, mota hupunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita na hupata joto zaidi, kwa hiyo lizime kila ukitoka chumbani. Balbu isizidi wati zilizoandikwa kwenye kifaa; ikizidi, sahani hupinda.

"Ilibuniwa Manitowoc."
Miti ya kwanza ya kuuzwa ilitoka Chicago katikati ya miaka ya 1950. Kampuni ya Aluminum Specialty ya Manitowoc, mji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, ilileta mti wake ulioitwa Evergleam mwaka 1959, ikaufanya mti huu upatikane kwa watu wa kawaida. Na si yote rangi ya fedha: ipo ya dhahabu, kijani, buluu, na ya waridi, ambayo ni adimu na ghali.

"Ina sumu ya madini ya risasi."
Watu huuchanganya na nyuzi za kumetameta zilizoning'inizwa kwenye miti. Hizo ndizo zilizokuwa na risasi, na Marekani ziliachwa kuanzia 1972. Ukikuta nyuzi nzito na laini ndani ya boksi la zamani, usiwape watoto.

"Alumini haiharibiki."
Haishiki kutu nyekundu, lakini jani likikunjwa, alama ya mkunjo haifutiki. (Hapo ndipo utautambua mti wa alumini halisi: jani la plastiki iliyopakwa rangi ya fedha hujinyoosha lenyewe.) Usiisugue kwa siki wala dawa ya kung'arishia sufuria, brashi laini na kavu inatosha.

Uharibifu mwingi hutokea wakati wa kufunga na kufungua. Kila tawi lina ala yake, yaani mrija wa karatasi wa kulifunika. Chomeka tawi kwenye tundu la shina likiwa bado ndani ya ala, ukianzia juu kushuka; matawi yote yakishakaa, vuta ala kuelekea nchani. Kurudisha, chomoa tawi kwanza, kisha liingize kwenye ala kwa upande wa waya wa tawi usio na majani, ulivute taratibu ili majani yalale kuelekea nchani. Ukianza na ncha, majani hugeuzwa kinyume na kuchanika. Ala zilizochakaa zibadilishe kwa mirija ya karatasi ngumu kavu, na boksi likae pasipo unyevu.