Mwanamke shujaa katika riwaya za kisayansi si mgeni

Wengi huamini kwamba mwanamke shupavu ameingia katika riwaya za kisayansi na za fantasia miaka hii ya karibuni tu. Sivyo. Mwaka 1666, Margaret Cavendish wa Uingereza alichapisha kisa cha binti anayefika ulimwengu mwingine na kuwa mtawala wake.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh. Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu aliyekulia katika kutawishwa, yaani kufungiwa ndani asionekane na wanaume wa nje, alichapisha hadithi "Sultana's Dream" (Ndoto ya Sultana) mwaka 1905. Humo wanaume ndio wanaotawa, na wanawake wanaendesha nchi: wanateka maji mawinguni, wanapika kwa joto la jua, wanasafiri angani. Vita vilipozuka na jeshi la wanaume kuzidiwa, mkuu wa chuo kikuu alitoka na wanafunzi wake 2,000, wakamwelekezea adui miali ya jua hadi akakimbia. Silaha yao ni elimu, na kwangu huo ni ushujaa mkubwa kuliko wa upanga.

Hata wa upanga alikuwepo: Jirel wa Joiry, aliyebuniwa na C. L. Moore, mwandishi mwanamke wa Marekani, alianza kuonekana majaridani mwaka 1934.