Je, wajua kwa nini dawa mbili si lazima zishinde moja katika tiba ya saratani ya mapafu?

Saratani ya mapafu iliyosambaa mara nyingi huanza kutibiwa kwa mizunguko 4 hadi 6 ya tibakemikali yenye platini, kila mmoja siku 21. Platini haivumiliki muda mrefu, huchosha figo, mishipa ya fahamu na uboho. Basi husimamishwa, na ambaye uvimbe wake haujakua anaendelea na dawa nyepesi zaidi. Hiyo ndiyo tiba ya kudumisha.

Mbona zisitolewe mbili? Pemetrexed huzuia seli kujenga DNA. Bevacizumab hunasa protini inayoitia uvimbe mishipa mipya ya damu. Njia zao ni tofauti, kwa hiyo kuziunganisha kulionekana jambo la wazi.

Jaribio la Marekani liitwalo ECOG-ACRIN 5508, lililochapishwa 2019, lilipima hilo. Wagonjwa 1,516 walianza mizunguko 4, lakini 874 tu ndio waliofika kwenye kura ya kugawiwa bevacizumab, pemetrexed au zote mbili. Tangu kura hiyo, nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miezi 14.4, 15.9 na 16.4, kwa mpangilio huo. Tofauti ndogo hivyo yaweza kuwa bahati tu. Na hapa ndipo wengi hudanganyika: ukitazama muda kabla ugonjwa haujasonga mbele, mseto uliishinda bevacizumab waziwazi, miezi 7.5 kwa 4.2. Picha ya skani ilikuwa nzuri zaidi, ila hakuna ushahidi kwamba maisha yalirefuka. Madhara makali, yale ya daraja la 3 na 4, yaliwapata asilimia 29, 37 na 51, kwa mpangilio uleule.

Madhara hayo yana sababu zake. Pemetrexed huangusha chembe za damu, hivyo asidi ya foliki huanza siku 7 kabla, mikrogramu 400 hadi 1,000 kila siku, pamoja na sindano ya vitamini B12 ya mikrogramu 1,000 inayorudiwa kila wiki 9. Bevacizumab hupandisha shinikizo la damu, huvujisha protini kwenye mkojo na huweza kutokeza damu mapafuni. Ndiyo maana wenye saratani ya seli bapa, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, hawapewi.

Leo pemetrexed huunganishwa zaidi na pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, na jaribio la KEYNOTE-189 lilionyesha maisha kurefuka. Lakini humo pembrolizumab ilianza tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo faida ya awamu ya kudumisha peke yake haikupimwa.