Viazi mviringo huku pwani ya kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Viazi mviringo vinavyouzwa katika masoko ya Mtwara, Lindi na Masasi havilimwi huku. Vingi hutoka Njombe na Mbeya, vikaletwa kwa malori kupitia Songea na Tunduru, au vikazungushwa kwanza Dar es Salaam. Pamoja na gunia huja pia ushauri wa watu wa nyanda za juu, ambao baridi yao peke yake ni ghala la kutosha, na ushauri huo ukichanganyika na yanayosemwa kwenye mabanda ya chipsi huzaa imani ambazo huku kwetu zinatutia hasara.

"Kiazi chekundu ndicho cha chipsi"

Rangi ya ganda haisemi lolote la maana kuhusu kilichomo ndani. Asante na Sherekea, ambazo ni mbegu zilizosajiliwa nchini, zina maganda yenye wekundu, ilhali Sagitta, iliyotoka Uholanzi, ina ganda la njano na inafaa vizuri kabisa kwa chipsi. Kinachoamua ni kiasi cha wanga. Kiazi chenye wanga mwingi, kile ambacho watu husema kina unga, hupasuka kikichemshwa, hupondeka kwa urahisi kwa ajili ya katlesi, na kikikaangwa hutoa chipsi kavu kwa nje na laini kwa ndani. Kiazi chenye wanga kidogo, yaani kile cha maji, hubaki kizima ndani ya mchuzi na katika saladi, lakini chipsi zake hulegea mapema na kunywa mafuta.

Tatizo la sokoni ni kwamba jina unalotajiwa mara nyingi ni la mahali, si la mbegu. Ukiambiwa "hivi vya Njombe", umeambiwa vilikotoka tu; ndani ya lumbesa moja huweza kuwamo mbegu mbili au tatu, na hata mbegu ileile ikivunwa kabla ya kukomaa huwa na wanga pungufu. Kwa hiyo, kabla ya kununua debe zima, nunua kilo moja uipime nyumbani. Koroga kikombe 1 cha chumvi laini katika vikombe 11 vya maji hadi iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kibichi kizima kilichooshwa. Kikizama, kina unga. Kikielea, ni cha maji. Chumvi haina taabu katika mikoa hii yenye mashamba yake ya chumvi, ila chumvi ya mawe isagwe kwanza, kwa sababu mabonge huacha nafasi ndani ya kikombe na kipimo hupungua.

Anayetaka mbegu fulani kwa jina lake hana budi kumwagiza mfanyabiashara wa jumla anayefuata mzigo shambani mwenyewe, au kumwomba ndugu aliyeko Njombe atume kiroba kwa basi. Kusubiri itokee yenyewe gengeni ni kupoteza muda.

"Viazi vya zambarau vimetiwa rangi"

Havijatiwa. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, katika nchi za Peru na Bolivia za leo, ambako wakulima wamekilima kwa maelfu ya miaka na ambako zimehifadhiwa aina za kienyeji zaidi ya 4,000, zikiwamo za zambarau, nyekundu na njano hadi ndani kabisa. Rangi ya zambarau hutokana na kundi lilelile la kemikali za asili linalokipa choya wekundu wake, na rangi ya njano hutokana na jamii ya kemikali zilizomo pia katika karoti. Ladha hubadilika kidogo tu. Anayelipa bei kubwa akitarajia chakula cha ajabu atasikitika.

"Viazi havina haraka, vitakaa miezi"

Kule Makete, kwenye baridi ya Njombe, pengine. Kiazi hutunzika vizuri zaidi katika nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi, gizani, penye hewa. Joto la mchana Mtwara na Lindi huzunguka nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika joto hilo kiazi hupumua kwa kasi, hunyauka, na macho yake huamka mapema. Kwa hali hii, kwa maoni yangu, familia isinunue zaidi ya viazi vya wiki moja au mbili, hata kama bei ya gunia inashawishi. Punguzo linalopatikana kwenye gunia huliwa na viazi vya chini vinavyooza.

Wakati wa kununua, sugua ganda kwa kidole gumba kwa nguvu kidogo. Ganda likibanduka kama karatasi iliyolowa, kiazi hicho kimevunwa kichanga na hakitadumu, kwa sababu ganda ambalo halijakomaa halizuii maji kupotea. Ukifika nyumbani usivioshe, kwani unyevu huleta uozo. Futa udongo kwa kitambaa kikavu, toa vilivyochubuka ili vipikwe kwanza, na vilivyosalia viweke katika kikapu cha ukili kilichoinuliwa kutoka sakafuni, mahali pa giza, mbali na jiko. Kitunguu kiwe na kikapu chake, kwa kuwa chenyewe kinataka ukavu zaidi.

"Kiazi cheusi katikati kimezidishiwa mbolea"

Dhana hii humwonea mkulima. Ukikata kiazi kinachoonekana kizima kwa nje ukakuta moyo mweusi usio na harufu, mara nyingi kilichotokea ni kwamba kilikosa hewa penye joto kali. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kiazi kinavyohitaji oksijeni zaidi, na sehemu ya katikati, iliyo mbali na ganda, ndiyo inayokufa kwanza. Turubai lililofunikwa juu ya lori kutwa nzima laweza kusababisha hali hiyo, na ndoo ya plastiki yenye kifuniko iliyoachwa jikoni yaweza vilevile. Sehemu nyeusi ikatwe itupwe. Nyama iliyobaki, ikiwa ngumu na haina harufu, inalika.

"Jokofu ni mwiko" na "jokofu ndilo dawa"

Kauli zote mbili zinasemwa na kila moja ina nusu ya ukweli. Katika baridi ya jokofu, wanga wa kiazi hugeuka sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto hufanya chipsi ziwe kahawia upesi na chungu kabla hazijaiva ndani. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayotiliwa shaka kuhusu saratani, na ndipo watu walipoanza kuonywa wasiweke viazi jokofuni. Mwaka 2023 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ililegeza ushauri huo baada ya kuona kwamba uhifadhi wa nyumbani hauongezi hatari hiyo kwa kiasi cha kutisha. Kwetu jawabu ni jepesi: viazi vya kuchemsha au vya mchuzi vinaweza kukaa jokofuni, vya chipsi visikae. Vikisahaulika humo, vitolewe vikae nje wiki moja hivi. Sehemu ya sukari hurudi kuwa wanga.

"Ukijani huisha kikichemka sana"

Hauishi, na hapa sioni nafasi ya mzaha. Ukijani wenyewe ni rangi ileile ya majani, haudhuru, lakini ni ishara kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga kwa kawaida. Sumu hiyo hujikusanya zaidi chini ya ganda, kwenye macho na kwenye machipukizi. Doa dogo la kijani likatwe kwa kina pamoja na nyama inayolizunguka. Kiazi kilichokijanika sehemu kubwa, au ambacho ukikionja ni kichungu, kitupwe. Kilichochipua kidogo lakini bado kigumu kinafaa baada ya machipukizi kung'olewa na mizizi yake. Sokoni, mafungu yaliyopangwa juani tangu asubuhi ndiyo ya kukwepa. Mwombe muuzaji akutolee vya ndani ya gunia.

Kutokana na sumu hiyohiyo, majani ya kiazi mviringo hayaliwi kabisa. Yapo majaribu ya kuyachukulia kama matembele, hasa kwa aliyechomeka kiazi kilichochipua uani akaona kimestawi, lakini matembele ni majani ya kiazi kitamu, mmea wa ukoo mwingine kabisa. Kiazi mviringo ni ndugu wa tumbaku na nyanya. Hicho cha uani, kwa vyovyote, hakitazaa cha maana, kwa kuwa kinataka usiku wa baridi ndipo kijaze viazi chini, na usiku wa pwani hauipati.

"Viazi vya siku hizi haviivi"

Malalamiko haya husikika zaidi kwenye mchuzi, na mara nyingi kosa ni la ukwaju. Tindikali ya ukwaju, ndimu, embe bichi au nyanya nyingi huimarisha kuta za chembe za kiazi, hivyo kiazi kilichotiwa chungu kimoja na ukwaju tangu mwanzo kinaweza kuchemka muda mrefu na bado kikabaki kigumu. Katika mchuzi wa samaki wa nazi, viazi vya maji vilivyokatwa vikubwa vichemshwe kwanza katika tui jepesi lenye chumvi hadi kisu kipenye bila kusukumwa, ndipo samaki aingie, ukwaju ufuate, na tui zito limiminwe mwisho juu ya moto mdogo.