Msanifu majengo si mkandarasi

Mpwa wangu anasoma Dunedin, New Zealand. Majuzi alinitumia picha ya kanisa la mawe meupe, mnara umechongoka kama sindano, na chini yake kaandika: "Mjomba, mkandarasi wa hili alikuwa Mskoti, Robert Lawson." Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemsikia mtangazaji redioni akimkaribisha "msanii wa majengo". Nikaona sasa imetosha.

Msanifu majengo ni mtu anayelibuni jengo, akalichora, kisha akasimamia lijengwe kama lilivyochorwa. Mkandarasi ndiye analijenga. Basi.

Tabu iko kwenye neno. Sikio linadhani "msanifu" limetoka kwenye "sanaa", lakini hayo ni maneno mawili yenye mizizi miwili. Sanaa ni ufundi wa kutengeneza kitu. Sanifu imetoka kwenye Kiarabu sannafa, yaani kupanga mafungu, kutunga. Musannif kwao ni mtunzi wa kitabu. Ndiyo sanifu ileile ya Kiswahili Sanifu. Msanifu, kwa hiyo, ni mtunzi, ila utungo wake unaezekwa bati. Wanaokimbilia "arkitekti" nao wajue kwamba kwa Kigiriki arkhitekton alikuwa mkuu wa maseremala. Hapo, nakiri, mpwa wangu angepata pa kujishikiza.

Lakini mtazame Lawson mwenyewe. Alizaliwa 1833 Newburgh, Fife, huko Uskoti, na mwaka 1854 akahamia Australia, akachimba dhahabu na kuandika magazetini kabla ya kurudia kazi yake ya usanifu. Mwaka 1862 Wapresbiteri wa Dunedin, mji wenye jina la Edinburgh kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Uskoti, walishindanisha michoro ya kanisa lao kuu, First Church. Akapeleka yake kwa jina la bandia, "Presbyter", akashinda. Karatasi ndizo zilizoshinda. Kilima cha Bell Hill kikachongwa na kushushwa takriban mita 12 ili kanisa lipate pa kukaa, na halikukamilika hadi 1873. Sululu walishika wengine.

Kisha ikaja Seacliff, hospitali ya wagonjwa wa akili kaskazini ya Dunedin, iliyokamilika 1884 ikiwa jengo kubwa kuliko yote New Zealand. Ilikalia ardhi inayoteleza. Kuta zikapasuka, bawa la kaskazini likaharibika vibaya, na mwaka 1888 tume ya uchunguzi ikamtwika Lawson sehemu kubwa ya lawama. Matofali hakupanga yeye, lakini jengo lilihesabiwa lake. Mwaka 1890 akahamia Melbourne. Alirudi Dunedin 1900, akafariki 1902.

Kwa hiyo, mpwa wangu, futa "mkandarasi" chini ya ile picha, uandike "msanifu". Picha yenyewe nzuri, ila ncha ya mnara umeikata.