Papa upanga ni taa: namna ya kuwatenganisha samaki wa gegedu

Samaki wa gegedu ni wale ambao kiunzi chao kimejengwa kwa gegedu, ile tishu imara inayonyumbulika kama ya sikio la binadamu, badala ya mfupa. Papa, taa, nyenga na pungu wamo. Changu, jodari na kolekole hawamo. Nyangumi na pomboo si samaki hata kidogo.

Kukosa mfupa hakuna maana ya kukosa uti wa mgongo, ingawa hilo nalo husemwa. Uti wanao, na pingili zake zimekazwa kwa madini ya kalisi: ndivyo vile vidonge vya mviringo vinavyobaki sahanini baada ya mchuzi wa papa. Ukikata pingili moja na kuitazama kwa hadubini utaona miduara ndani yake, na wataalamu huitumia kukadiria umri wa samaki.

Kosa linalosumbua zaidi ni kuwagawa kwa umbo, kwamba mrefu ni papa na bapa ni taa. Papa upanga, yule mwenye pua ndefu ya msumeno, ana mwili mrefu na mkia wa kipapa, na jina lenyewe linamwita papa, lakini ni taa. Mgeuze chali: mipasuko mitano ya matamvua kila upande, yote iko chini, nyuma ya mdomo. Ya papa iko ubavuni, kwa kawaida mitano, kwa spishi chache sita au saba. Sababu ni kwamba mapezi ya kifua ya taa yamekua kuelekea mbele hadi yakashikana na kichwa, yakapita juu ya matamvua na kuyaacha upande wa tumbo. Ndiyo maana taa aliyejifukia mchangani huvuta maji kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, kisha huyatoa chini. Mdomo wake umeelekea mchanga.

Samaki wa jenasi ya Rhynchobatus huwapoteza wengi zaidi, kwa kuwa mapezi yake mawili ya mgongoni ni makubwa na huuzwa pamoja na ya papa. Naye ni taa. Kinyume chake, Squatina africana wa magharibi mwa Bahari ya Hindi ni bapa kabisa, lakini mapezi yake ya kifua hayakushikana na kichwa na matamvua yake yako pembeni. Huyo ni papa.

Makazi nayo hayasaidii kuwatofautisha. Nyenga hupenda mchanga na maji ya kina kifupi, lakini wako taa wa kilindini. Papa Carcharhinus leucas hupanda mto Zambezi mbali na bahari, na papa potwe huja karibu na pwani ya Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi kufuata chakula.

Kuwachanganya kuna madhara. Spishi zote tano za papa upanga ziko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Rhynchobatus waliingizwa Kiambatisho cha Pili mwaka 2019. Wakihesabiwa kama papa, kupungua kwao hakuonekani kwenye takwimu. Mnunuzi na aendelee kusema papa upanga, ndilo jina lake. Ila anayejaza daftari la mavuno pale dikoni amgeuze samaki kwanza, na akiikuta mipasuko tumboni, amwandike kwenye safu ya taa.