Hamira inavyochagua sukari: jeni za GAL na konda aliyezibwa mdomo

Hapa Dodoma ukisema unafanya utafiti wa hamira kila mtu anajua unatengeneza mvinyo, na siwalaumu, mji wa zabibu huu. Ila mimi mvinyo siugusi (kikazi, namaanisha). Hamira yangu ni ileile Saccharomyces cerevisiae ya maandazi na mikate, ninachoifuatilia ni kitu kimoja tu: seli inajuaje jeni ipi iwashe na ipi iache kwanza.

Maana jeni inazo nyingi, kama 6,000 hivi kwenye kromosomu 16, na tunazijua vizuri kwa sababu DNA yake yote ilishasomwa toka 1996, ikiwa ya kwanza kati ya viumbe wote ambao seli zao zina kiini. Sasa kuziwasha zote kwa mpigo ni hasara tupu, kila protini ina gharama yake, kwa hiyo seli inabana matumizi.

Mfano ninaoupenda ni galaktosi, sukari inayopatikana maziwa yakimeng'enywa. Hamira inaweza kuila lakini inahitaji vimeng'enya maalumu, vinavyotoka kwenye jeni GAL1, GAL7 na GAL10. Bila galaktosi jeni hizo kimyaa, ukiiweka zinalipuka, GAL1 inaweza kupanda hata mara elfu moja. Wengi wanadhani jeni ikiwa imezimwa basi hapo hakuna kinachoendelea, kumbe kwenye hizi mwashaji yupo palepale muda wote. Anaitwa Gal4, protini inayokaa juu ya DNA kabla ya jeni kuanza, kati ya GAL1 na GAL10 ina sehemu nne za kushika. Tatizo kuna protini nyingine, Gal80, imemfunika ile sehemu anayoitia mashine ya kunakili jeni. Ni konda wa daladala aliyezibwa mdomo: yuko mlangoni, gari iko stendi, ila abiria hawezi kuwaita. Galaktosi ikiingia inashikwa na protini ya tatu, Gal3, Gal3 inamng'ang'ania Gal80, konda anaachiwa, na ndani ya dakika chache tu kazi imeanza.

Hapo ni kama hakuna glukosi lakini. Glukosi ikiwepo hamira haitaki kusikia habari ya galaktosi hata uijaze kiasi gani, kwa sababu protini Mig1 inaingia kwenye kiini na kukandamiza jeni za GAL pamoja na jeni ya Gal4 mwenyewe, afu glukosi ikiisha kimeng'enya Snf1 kinaibandika Mig1 fosfati na inatolewa nje ya kiini. Ndo maana maabara tunakuza seli kwanza kwenye rafinosi, sukari ambayo haiwashi wala haikandamizi, halafu ndo tunamwaga galaktosi na kuanza kuhesabu dakika. Ukizitoa kwenye glukosi moja kwa moja utasubiri masaa. (Na joto liwe nyuzi 30, Julai hapa usiku kuna baridi, ukiacha chupa mezani seli zinazubaa na data yako inakuwa ya ajabu ajabu.)

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Seli ambazo zilishawahi kula galaktosi, ukizirudisha kwenye glukosi kidogo halafu ukazipa galaktosi tena, zinawasha haraka kuliko zile ambazo hazijawahi kuionja, na hata watoto wao, vizazi kadhaa mbele, ambao wenyewe hiyo galaktosi hawajawahi kuiona! DNA haijabadilika hata herufi moja. Sehemu kubwa ya maelezo ni protini Gal1 yenyewe, ile inayotoka kwenye jeni GAL1, ni ndugu wa karibu wa Gal3 na inaweza kufanya kazi yake ya kumshika Gal80, kwa hiyo akiba iliyobaki kwenye seli mama inagawanywa kwa watoto na wanaanza maisha konda akiwa ameshalegezwa mkono mdomoni.

Mtu ataniuliza inamsaidia nini mwananchi. Binadamu naye ana kimeng'enya kinachofanya kazi ileile ya Gal7, kinaitwa GALT, mtoto akizaliwa nacho kibovu maziwa yanamdhuru. Na Gal4 aliondoka kwenye hamira zamani, 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walimfanya kifaa cha kuwasha jeni yoyote unayotaka ndani ya nzi wa matunda, na maabara za nzi zinamtumia mpaka leo.

Kinachoninyima usingizi kwa sasa ni mchanganyiko. Ukiweka glukosi na galaktosi pamoja kwa viwango fulani, ukipima chupa nzima unapata wastani, unasema aah, jeni imewaka nusu. Uongo. Ukiangalia seli mojamoja kwa protini inayong'aa kijani unakuta makundi mawili, zilizowaka kabisa na ambazo hazijawaka kabisa, na wote ni pacha wa DNA moja kwenye chupa moja. Kwa hiyo siku hizi wastani nimeuacha, nafuatilia seli mojamoja na kuangalia kama zile zinazowahi kuwaka ndo zilizorithi Gal1 nyingi kutoka kwa mama.